Tashihisi, tashbihi, sitiari au ritifaa: ukishika kalamu, uchukue ipi?

Siku ya arobaini ya baba yangu mdogo, kijijini karibu na Pangani, nilisimama barazani nikaghani utenzi nilioutunga kwa siku tatu. Nilikuwa na miaka 22, nimetoka chuoni na tamathali zangu zote za usemi, na nilitaka zionekane. Ubeti mmoja ninaukumbuka mpaka leo, kwa aibu:

Minazi yote yalia,
bahari nayo yalia,
kisima chamlilia,
hata jiwe la njiani.

Nilipoketi, watu wakanipa zile mashallah za adabu. Baadaye, tukiwa tumezunguka sinia la pilau, baba mkubwa, kaka yake marehemu, akaniinamia akaniuliza taratibu: "Mwanangu, minazi imelia, bahari imelia, kisima kimelia. Sasa sisi wafiwa zamu yetu lini?"

Hakunikemea. Aliuliza, akaendelea kula. Utenzi haukuwa na kosa la mizani. Kila kipande kina mizani 8, hesabu ukitaka. Nilikosea kuchagua. Nilikuwa na tamathali nne au tano mkononi na nikaishika tashihisi, ile inayoipa minazi kilio cha watu, kwa sababu ndiyo iliyong'aa zaidi. Tangu hapo, mtu akiniuliza tashihisi ni nini, sianzi na maana yake. Naiweka pamoja na jamaa zake ili tuone nani anafaa kutumwa wapi.

Mvua moja, tamathali nne

Tuchukue jambo dogo: usiku wa masika, nyumba ya bati, paa linavuja. Bila pambo lolote tungeandika hivi:

Mvua ilinyesha usiku kucha, paa likavuja, mama akatandaza masufuria sakafuni.

Usiidharau sentensi hii. Mara nyingi ndiyo inayofaa, na lile neno "masufuria" lina kelele ndani yake kuliko mapambo mengi. Lakini tuseme tunataka zaidi.

Tashbihi: Mvua ilimiminika juu ya bati kama kokoto zinazomwagwa na tipa.

Sitiari: Usiku ule paa letu lilikuwa chujio la chai.

Tashihisi: Mvua ilipanda paani, ikapapasa bati baada ya bati mpaka ikaliona tundu la msumari, ikashuka bila hodi, ikalala kitandani kwa bibi.

Ritifaa: Ewe mvua, mwezi mzima tulikuomba uende shambani; nani aliyekuonyesha njia ya chumbani?

Katika tashbihi mvua imebaki mvua na kokoto zimebaki kokoto. Neno "kama" limesimama katikati yao mithili ya mshenga, linapeleka habari huku na kurudisha kule, lakini pande mbili hazijalala nyumba moja. Faida yake ni kwamba msomaji anasikia sawasawa ulichosikia wewe. Kwenye sitiari mshenga amekwenda zake na ndoa imefungwa: paa ndilo chujio. Inapiga haraka na inapendeza ikiwa fupi, ila hakuna kinachosogea. Ukishasema paa lilikuwa chujio umemaliza, huna pa kwenda.

Tashihisi ndiyo pekee hapo iliyo na kisa. Mvua inatafuta, inapapasa, inaona, inaingia. Ina nia. Msomaji anaanza kuitazama kwa jicho analomtazamia mwizi, na anamhurumia bibi kabla bibi hajafanya lolote. Kwenye ritifaa mambo yanageuka tena: mvua haifanyi kitu, imesimama inasemezwa, na anayeonekana ni msemaji. Tunajua ni mkulima, tunajua mahindi yake yalikuwa yanakauka, tunajua ana kejeli hata akiwa amelowa.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: chukua tashihisi pale tu kitu unachokieleza kinapohitaji kutaka jambo. Kama hakitaki lolote, mpe kazi mwingine. Minazi ya utenzi wangu haikuwa inataka chochote. Ililia kwa sababu mimi niliiamuru ilie.

Majina yenyewe yanasaidia kukumbuka, kwa kuwa yote yametoka Kiarabuni yakiwa na maana zao. Tashbihi ni kufananisha. Istiara, ambayo wengi wetu leo tunaiita sitiari, asili yake ni kuazima: unaliazima jina la chujio kwa usiku mmoja. Tashihisi ina ndani yake neno shakhs, yaani mtu. Ritifaa imetuchanganya kidogo, kwani vitabu vya shule vinalitumia neno hilohilo kwa kile kialama kinachokaa katika ng'ombe na ng'ambo, na mwalimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba kila mwaka hupata mwanafunzi anayejibu swali la ushairi kwa kueleza uakifishaji.

Utakutana pia na majina uhuishi na uhaishaji yakitumika kwa tashihisi, hasa vitabu vya Kenya. Na wapo wanaolitenga neno istiara kwa ajili ya hadithi nzima yenye maana ya pili chini yake, huku sitiari ikibaki kwa sentensi moja. Usigombane na mtu kwa ajili ya hilo. Kama unafanya mtihani, fuata kitabu kinachotumika darasani kwako.

Tazama kitenzi

Anayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, ile 102/3 ya mtihani wa kidato cha nne wa Kenya au yoyote inayofanana nayo, husumbuliwa na sentensi za namna hii:

Jua lilitukodolea macho kama mama wa kambo.

Hiyo ni tashihisi au tashbihi? Ni zote mbili, na zimekaa sehemu tofauti. "Lilitukodolea macho" ni tashihisi, maana jua limepewa tendo la mtu. Kuanzia "kama" ni tashbihi. Ukitaja tashihisi, dondoa kitenzi. Ukitaja tashbihi, dondoa kiunganishi na kinachokifuata. Anayeandika sentensi nzima na kusema "hapa kuna tashihisi" anamwachia mtahini kazi ya kutafuta.

Sasa linganisha na hii: Jua lilikuwa kama mama wa kambo. Mtu ametajwa, ndiyo, lakini jua halijafanya lolote. Hiyo ni tashbihi tupu. Kutajwa kwa binadamu hakuleti tashihisi. Kitenzi ndicho kinachoileta. Na ukisema "Jua la Machi ni mama wa kambo," umepata sitiari.

Wavuvi wana msemo mmoja unaofaa hapa. Upepo wa kusi ukishika, watakwambia "bahari imechafuka", na watazivuta ngalawa mchangani. Kuchafuka si tendo la mtu, kwa hiyo ni sitiari, tena imechakaa kiasi kwamba hakuna anayeiona. Mwandishi wa mjini akija ataandika "bahari imekasirika". Hiyo ni tashihisi. Ipi nzuri? Mimi nabaki na wavuvi. Bahari iliyochafuka unaiona rangi yake. Iliyokasirika inabidi mwandishi aniambie imekasirishwa na nani, na kwa kawaida hana jibu.

Lugha yetu imejaa tashihisi zilizochoka namna hiyo. Njaa inaniuma. Homa imemshika. Usingizi umenipitia. Gari limegoma kuwaka, maharage yamekataa kuiva. Hakuna anayezisikia kama pambo, na ukizidondoa kwenye insha kuonyesha umahiri utachekesha. Ila zinaweza kuamshwa, na hiyo ni njia nzuri ya kupata tashihisi bila kuonekana unatafuta. Kamata ile iliyolala uisukume hatua moja mbele: Njaa iliniuma, ikaachia, ikaniuma tena palepale. Kitenzi cha kila siku kimerudishiwa meno.

Ngeli: mahali ambapo Kiswahili hukuuliza swali

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa lugha yetu humlazimisha mwandishi kuamua jambo ambalo wengi huliamua bila kujua wameamua. Soma hizi mbili:

Kifo kilibisha hodi saa tisa za usiku.
Kifo alibisha hodi saa tisa za usiku.

Maneno ni yaleyale, kasoro silabi moja. Katika ya kwanza, "ki-" inaendelea kukukumbusha kwamba kifo ni kifo. Kimepewa mkono wa kubishia lakini hakijapewa uso. Inatisha kwa sababu hujui ni nini kiko nje ya mlango. Katika ya pili Kifo amehamia ngeli ya watu. Amekuwa mhusika. Ana viatu, ana sauti, pengine ana jina la utani, na msomaji anatarajia uendelee kumweleza: amevaa nini, amekuja na nani, atakunywa chai?

Njia zote mbili ni halali. Shida inaanza mtu anapozichanganya: "Upepo aliingia, ukafungua dirisha, akaondoka." Sijui nimwogope au nifunge dirisha. Nimehariri mashairi ya vijana wengi, na kosa hili ndilo ninalolisahihisha kuliko yote. Mara nyingi linatokea ubeti wa tatu au wa nne, mwandishi akiwa amechoka au mizani imembana. "Ali-" na "uli-" zina uzito sawa wa mizani, kwa hiyo mizani haiwezi kuwa kisingizio.

Kama unaandika sentensi moja ndani ya habari ndefu, bakia kwenye ngeli ya kitu. "Jua lilitabasamu", "ukimya uliketi kati yetu", "deni lilinifuata mpaka Mwanza". Ule mvutano kati ya kitenzi cha mtu na kiambishi cha kitu ndio utamu wenyewe. Kama unaandika hadithi nzima ambamo kitu hicho kitasema na kujibiwa, mhamishe, mpe herufi kubwa, na usimrudishe tena kwao.

Kuna njia ya tatu ambayo wazee wetu waliipenda: kumpa cheo. Ukisema "Bwana Deni", "Bi Njaa", "Mzee Jua", cheo chenyewe kinavuta kiambishi "a-" na sarufi inatulia. Ndivyo kinavyofanya kile kitendawili cha zamani, "Mzee Kombe akilia watu hufurahi". Jibu: mvua.

Na wanyama? Kwao swali hili halipo, kwa sababu Kiswahili kimeshawapa ngeli ya watu tangu zamani. Kiboko amelala, kifaru anakuja; hatusemi "kifaru kinakuja" labda kama ni kile cha jeshi. Kwa hiyo katika kisa cha Kima na Papa, ambapo Papa anamlaghai Kima waende baharini ili sultani mgonjwa wa huko apate moyo wa kima awe dawa, na Kima anajiokoa kwa kudai moyo wake ameuacha mtini, sarufi haijabadilika hata kidogo. Tashihisi iko kwenye kusema, kudanganya, kuwa na sultani. Anayetafuta mfano wa tashihisi katika hekaya za wanyama asitafute kiambishi. Atafute tendo ambalo mnyama wa kweli haliwezi.

Kitendawili, methali na mpaka unaosogea

Nirudi kwa Mzee Kombe, maana kitendawili hicho kinaonyesha mpaka kati ya sitiari na tashihisi vizuri kuliko kitabu chochote nilichosomea. Kabla jibu halijatolewa, jina la mvua limefichwa nyuma ya jina la mzee. Huko ni kuazima, ni sitiari. Anayesikia anaona mzee halisi analia na watu wakatili wanachekelea. Jibu likitajwa, picha inageuka: sasa unaona mvua ikipewa machozi, nayo ni tashihisi. Sentensi ni moja, tamathali mbili, na kilichobadilika ni kwamba umeambiwa. Sitiari huweza kulificha jina la kitu. Tashihisi lazima kitu chenyewe kiwepo hadharani kikitenda.

Methali nazo zinafaa kwa mazoezi. "Wema hauozi": kuoza ni kazi ya embe na samaki, si ya mtu, basi hiyo ni sitiari ingawa wengi huiita tashihisi. "Subira yavuta heri" inabishaniwa: mtu huvuta, lakini hata ng'ombe huvuta na kamba huvuta. Mimi naiachia tashihisi kwa shingo upande. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" haina ubishi, na tazama ilivyosukwa: ulimwengu umeketishwa kwenye kiti kilekile cha mama, umepewa kitenzi kilekile, na kwa sababu hiyo unauona mkono wake ulivyo mzito kuliko wa mama.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni "Milima haikutani, binadamu hukutana." Hiyo inakataa kuipa milima tendo la watu. Na kwa kukataa tu, kwa sekunde moja, umeiona milima miwili ikitazamana kwa mbali na kushindwa kusogea. Tashihisi ya kukanusha. Nitaihitaji tena chini.

Wanaofanana nayo kwa sura

Wapo wawili wa kuwatenganisha haraka na tashihisi. "Moto uliramba paa" ni uhai, lakini si uhai wa mtu. Anayeramba ni mbwa au paka. Upepo unaobweka na mto unaojinyonganyonga ni vivyo hivyo. Mtihani hukubali hizo kama tashihisi au uhuishi bila kuuliza zaidi. Mwandishi, hata hivyo, ajue anaitia sentensi yake mnyama, kwa sababu mnyama hana nia kama ya mtu, ana njaa tu. Kwa moto wa soko, njaa inatosha.

Mwingine ni taashira. "Ikulu yakanusha", "Nairobi yaijibu Dodoma". Jengo halisemi na jiji halijibu, lakini hapa hakuna aliyepewa utu: watu wamo ndani kweli, na jina la nyumba limetumika badala yao. Kwenye taashira ukifungua mlango utawakuta wasemaji, ilhali kwenye tashihisi hutamkuta mtu.

Na usichanganye na mtu aliyepewa jina la tabia. Waziri Majivuno katika Kusadikika ya Shaaban Robert ni mtu mwenye jina linalomsema. Huko ni kwenye istiara ya hadithi nzima, nchi iliyo hewani inayozisema nchi zilizo chini.

"Mfumo umekataa"

Kuna mahali ambapo tashihisi inafaa ikimbiwe. Nilikwenda ofisi moja kufuatilia hati. Kijana wa dirishani akabonyeza bonyeza, akaniambia, "Mfumo umekataa, kaka."

"Umekataa nini?"

"Umekataa tu. Jaribu kesho."

Kesho yake alikuwapo dada mwingine. Akaisoma skrini, akanisomea jina langu kwa sauti, tukagundua limeingizwa likiwa na herufi moja pungufu. Akaiongeza. Mfumo ukakubali. Mtu fulani alikuwa amekosea kuandika, siku nzima ya mtu mwingine ikapotea, na aliyebebeshwa lawama ni mashine iliyopewa kichwa kigumu.

Vichwa vya habari vina ugonjwa huohuo. "Barabara yaua tena." Barabara imelala pale tangu ijengwe, aliyeua ni dereva aliyepita magari kwenye kona, au aliyeruhusu basi bovu litoke stendi, au aliyeliacha shimo miaka miwili. "Bomoabomoa yaacha familia nje." Bomoabomoa haina miguu. Ilikuja na tingatinga, tingatinga lilikuwa na dereva, na dereva alikuwa na karatasi yenye sahihi. Tashihisi hapo haipambi, inafuta mtendaji. Kama unaandika habari, ripoti, au barua ya malalamiko, kila unapoona kitu kisicho na akili kimekaa mbele ya kitenzi kizito, jiuliza umemficha nani. Kwa moto na mafuriko jibu huweza kuwa hakuna. Kwa barabara, bei na mifumo, karibu kila mara yupo.

Basi, kwa kazi gani ipi?

Kwa hadithi ya watoto sina wasiwasi: tashihisi, ngeli ya watu, herufi kubwa, na mazungumzo mengi. Watoto hawaulizi kijiko kimepata wapi mdomo. Tashbihi huwachosha upesi, na sitiari ndefu huwapita.

Kwa tangazo la afya, tashihisi inafaa ikikipa kitu tabia kuliko ikikipa nguvu. "Kipindupindu kinapenda maji yasiyochemshwa" inamwachia msomaji la kufanya, achemshe maji. "Kipindupindu ni jitu linalomeza vijiji" inamwachia hofu tu, na mwenye hofu hachemshi maji, anahama.

Kwa taarab na kanga, sitiari, bila kusita. Mafumbo yanaishi kwa kukana. Ukiimba ua lililonyauka au jahazi lililotoboka, jirani yako anajua ni yeye, wote ukumbini wanajua ni yeye, na bado unaweza kuapa kwamba uliimba ua. Tashihisi haikupi ulinzi huo, maana imekitaja kitu waziwazi na kumleta mtu juu yake.

Kwa insha ya maelezo, jinsi soko lilivyo au jinsi mtu alivyo, tashbihi moja iliyotoka machoni mwako ni bora kuliko tashihisi tano. Ila epuka zile zinazouzwa rejareja: mweupe kama theluji umeandikwa na watu wengi wa Tanga ambao hawajawahi kuiona theluji.

Ritifaa iwekee jambo ambalo msemaji anagombana nalo. Mshairi wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi akiona majumba ya matajiri yamebaki na popo, hakuyapa magofu midomo yaseme. Aliugeukia moyo wake mwenyewe akausemesha, akauuliza kwa nini hauzinduki. Angeweza kuyaliza majumba. Alijua kwamba gofu likilia msikilizaji hulihurumia gofu, lakini moyo ukiulizwa, kila aliyeketi hapo husikia ameulizwa yeye. Kumbuka pia kwamba ritifaa kwa kitu huja na tashihisi mfukoni, kwa kuwa ukikisemesha umeshakipa masikio. Ritifaa kwa maiti au kwa aliye safarini haiji nayo, kwani huyo ni mtu tayari.

Bado rambirambi, ambako nilianguka. Kwa msiba, nimejifunza kuweka tashihisi moja tu, ndogo, na kuiweka kwenye kitu ambacho marehemu alikishika kwa mikono yake. Bahari haikumjua baba mdogo. Minazi ya kijiji kizima haikumjua. Lakini alikuwa na baiskeli yake ya Phoenix, nyeusi, aliyoiegemeza kwenye mwembe kila jioni kwa miaka yote niliyomfahamu, na siku ya arobaini ilikuwa ingali palepale, matope ya safari ya mwisho yamekaukia kwenye tairi. Niliipita nikienda kughani juu ya bahari.

Mwaka uliofuata, kwenye kumbukumbu, baba mkubwa aliniomba tena niseme neno. Sikuleta utenzi. Nilileta ubeti mmoja, na milima isiyokutana ilikuwa kichwani mwangu nilipouandika:

Baiskeli mwembeni,
na tope li tairini,
yangoja wake mwandani,
habari haijapewa.